Nzi wa Kamba ya Tatu

Zamani gita likitoa mlio wa kutetereka bendi nzima ilinyamaza ili iusikie, na siku hizi wanaongeza sauti ya spika ili usisikike.

Kwamena Botwe alikuwa mtu wa hiyo zamani. Pale Sekondi, mji wa reli ulio pwani, nyuma ya nyumba ya ukoo wa mama yake, chini ya bati lililoegemea ukuta, alikuwa na meza aliyoiunga mwenyewe kwa mataruma ya reli. Juu ya meza hapakuwa na mengi: bisibisi, tupa mbili nyembamba, kipande cha mshumaa, mpira wa vali ya baiskeli, uzi wa kushonea viatu, na kichupa cha rangi ya kucha iliyo wazi kama maji. Hakuwa fundi magitaa. Aliyemwita hivyo alisahihishwa kwa ukali. Gita lililovunjika shingo lilikuwa kazi ya seremala, na lililokufa umeme lilikuwa kazi ya fundi redio. Yeye alitafuta kitu kimoja tu, kile kidude cha chuma kinachocheza mahali kisipopaswa kucheza.

Na vidude hivyo ni vingi kuliko mtu anavyodhani. Kuna skrubu za lile daraja dogo ambalo nyuzi hupanda juu yake. Kuna springi zilizojificha chini ya sumaku za kunasa sauti. Kuna nati za vikazio vya kichwani, na bamba la pale waya unapochomekwa. Kimoja kikilegea unene wa unywele, gita zima linaimba huku kama kuna mtu ndani yake anatafuna mchanga. Mlio wa kukwaruza Kwamena aliuita nzi. Ule wa kugonga aliuita njuga. Na ule unaokuja na kuondoka kama mwizi, leo upo kesho haupo, aliuita panya, na panya ndiye aliyempa jina mjini, kwa kuwa wengine wote walishindwa kumnasa.

Kazi ilikuja na Hamatani. Upepo ule mkavu ukishuka kutoka jangwani mwezi wa Desemba, midomo hupasuka, mbao hukonda, na kila nati iliyokazwa juu ya mbao hujikuta ina nafasi ya kupumua. Enzi za bendi wapiga gita walikaa uani kwake kama wagonjwa wanaongoja daktari, wengine wametoka Tarkwa, wengine Cape Coast, kila mmoja na chombo chake mapajani, wakitaniana na kula samaki wa kukaanga. Leo Hamatani inapita na hakuna anayebisha hodi. Mbao zinakonda vilevile. Masikio ndiyo yamenenepa.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu wa muziki. Aliingia reli akiwa kijana, akapewa nyundo ya mpini mrefu, akaambiwa apige magurudumu. Treni ikisimama alipita kando yake behewa kwa behewa, anagonga, anasikiliza. Gurudumu zima huimba, lenye ufa hukohoa. Mzee aliyemfundisha, Mnzema mmoja mkali aliyekuwa na sikio moja zima, alimfunza na jambo la pili: penye makelele usitegemee sikio. Bana kijiti kwa meno, ncha ya pili iguse chuma, mfupa utakuambia. Kwamena alichonga kijiti chake kutoka mpini wa nyundo iliyovunjika, urefu wa shubiri moja, nacho hakikumtoka mfukoni hadi uzeeni. Mwenye gita alipiga sauti ileile tena na tena, naye Kwamena, macho ameyafumba, alihamisha ncha ya kijiti kutoka chuma hadi chuma. Ghafla macho yalifunguka.

"Huyu hapa."

Elimu hiyo haikuandikwa popote, na hakuna aliyekuja kuiuliza. Reli zimeota nyasi, nyundo za mpini mrefu zimeuzwa kwa kilo, na kanisani wanabonyeza kinanda ambacho hakina hata skrubu moja ya kulegea. Wanaita maendeleo.

Mpiga gita aliyemjua kuliko wote alikuwa shemeji yake, Fiifi Arhin. Fiifi alipaka rangi mabehewa mchana, na usiku wa Jumamosi alipiga gita la mbele katika bendi ya karakana ya reli. Aliyeimba alikuwa Araba, dada yake Kwamena, tumbo moja. Gita la Fiifi lilikuwa jekundu lilipokuja, likapauka hadi rangi ya udongo, na kwa miaka arobaini halikuguswa na bisibisi ya mtu mwingine. Hata ile rangi ya kucha ilianza kwa Araba. Siku moja, dansi likiwa limepamba moto, nati moja ilikataa kushika. Araba akatoa kichupa mkobani mwake, akamwambia kaka yake, "Paka hii. Ikikauka, nati itang'oka siku ya kiyama." Tangu hapo Kwamena hakutumia kitu kingine kushikia skrubu, na kila kichupa kilipokwisha dada yake alimletea kingine.

Araba alikufa Novemba, baada ya kuugua miaka miwili. Maiti ikawekwa barafuni, ukoo ukajipanga. Kwa Wafante mwanamke hata akizeekea kwa mume hubaki mtu wa ukoo wa mama yake. Ukoo ndio unaozika. Mume analeta jeneza na machozi yake. Kwa hiyo mwenye msiba alikuwa Kwamena, kaka mkubwa, na neno lake ndilo lililoamua siku, nguo, na nani atasikika makaburini.

Lakini Araba naye alikuwa ameacha neno. Aliwaita wote wawili kitandani.

"Msinizike na spika," alisema. "Fiifi atapiga ule wimbo wetu wa kufungia dansi. Mtu asiimbe. Mahali pangu paachwe wazi."

Mazishi yakapangwa Jumamosi ya pili ya Januari. Jumatatu ya wiki hiyo Fiifi alileta gita. Lilikuwa limelala juu ya kabati muda wote wa ugonjwa.

"Shemeji, kuna njuga kichwani," alisema akiketi. "Hata maiti angeisikia." Halafu akakumbuka alichosema, akatazama chini.

"Piga," Kwamena akamwambia.

Ilikuwa nati ya kikazio cha pili. Hamatani ilikuwa imeilegeza, na ilichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Ng'ambo ya ua, Maame Aba, aliyepika na kuuza kenkey ya unga wa mahindi uliochachushwa, alikuwa akifunga madonge kwenye majani ya mgomba, jicho moja kwenye majani na jingine kwa majirani.

"Egya Kwamena!" akapaza sauti, akimwita baba kwa heshima. "Tangu uvae hayo meno umekuwa bwana harusi. Hebu cheka kidogo tuone mwezi."

"Funga kenkey yako, mama. Meno haya si ya kucheka na wewe."

"Si ya kucheka, si ya kutafuna, maana bado nakuona unalowesha samaki kama mtoto. Sasa ni ya nini? Ya picha?"

Fiifi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Meno yenyewe yalikuwa mapya, safu nzima ya juu mbele. Binti wa Kwamena, Ekua, muuguzi wa Kumasi, ndiye aliyempeleka kutengenezewa mwezi wa Oktoba. Kabla ya hapo, kwa miaka kadhaa, mbele palikuwa peupe, na Kwamena alikibana kijiti chake pembeni, kwa magego mawili yaliyosalia, na aliona aibu kidogo kufanya hivyo mbele ya watu. Sasa aliweza kukibana mbele kama ujanani. Tangu ayavae, hili lilikuwa gita la kwanza kuletwa.

"Piga tena zote, nihakikishe," Kwamena akasema, akakibana kijiti kwa meno mapya na kufumba macho.

Kamba ya sita ilikuwa safi. Ya tano, safi. Ya nne, safi. Fiifi akaja kamba ya tatu, akapanda polepole shingoni, na kidole kilipobana chuma cha tano, nzi akalia.

Kwamena akafungua macho. "Rudia hapo."

Fiifi akarudia.

"Unamsikia?"

"Nani?"

"Nzi, bwana."

Fiifi akainamisha kichwa, akapiga taratibu, akapiga kwa nguvu. "Simsikii, shemeji."

"Liache. Njoo Alhamisi, utalikuta tayari."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jumanne Kwamena alitoa zile sumaku, akavalisha kila springi kipande cha mpira wa vali, akarudisha. Akaliweka gita mapajani, kijiti mdomoni, akapiga mwenyewe. Nzi alikuwa pale. Jumatano aling'oa bamba la waya, akapaka skrubu zote rangi ya Araba, akangoja ikauke. Nzi alikuwa pale. Ajabu ni kwamba kila alipogusa, kichwani, shingoni, mkiani, nzi alilia kwa nguvu ileile, na akiondoa kijiti hamsikii kabisa. Hilo la pili halikumshangaza, kwa sababu ndiyo kazi ya kijiti. La kwanza lingemshangaza fundi yeyote. Lakini Kwamena alishaanza kukasirika, na mtu aliyekasirika husikia anachokitafuta.

Mtu aliyeishi kwa kuona makosa ya vitu hupata ugonjwa wake. Hupoteza uwezo wa kuamini ukimya. Kwamena alikuwa amezika bendi, amezika karakana, amestaafishwa kwa barua ya mistari mitatu. Kitu kimoja alichobaki nacho, ambacho hakuna aliyekitilia shaka, ni kwamba akisema kuna nzi, nzi yupo. Na hili lilikuwa gita la mwisho la dada yake. Lingelia safi, hata kama yeye angefia mezani.

Alhamisi asubuhi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye gita la Fiifi. Alichukua tupa. Alijiaminisha kwamba kamba ya tatu haikai vizuri kwenye mfereji wake mdogo juu ya daraja, akaukwangua mara tatu. Akasikiliza. Nzi yupo. Akaukwangua mara mbili zaidi.

Fiifi alipofika saa nane alikuta chombo chake kimelala uchi mezani, sumaku huku, skrubu ndani ya kisahani, kamba moja tu imefungwa.

"Shemeji, hili ni gita au samaki aliyetumbuliwa?"

"Lina nzi."

"Siku ya nne leo unaniambia lina nzi. Nimelipiga miaka arobaini. Huyo nzi ningemjua kwa jina na ukoo."

"Humsikii."

"Simsikii kwa sababu hayupo!"

"Humsikii kwa sababu masikio yako yamekwisha, Fiifi. Yamekufa na mkeo. Unataka kwenda kukohoa juu ya kaburi lake mbele ya mji mzima, na wewe hujui kama unakohoa."

Ng'ambo ya ua majani ya mgomba yaliacha kuchakarika.

Fiifi alinyoosha mkono. "Nirudishie kitu changu."

"Wewe leta jeneza. Mwenye msiba ni mimi. Nzi huyu asipotoka, kesho namwita mtu wa spika."

"Araba alikataza spika. Ulikuwepo."

"Aliagiza upige. Hakuagiza upige ovyo."

Fiifi alivaa kofia yake, akaipindua, akaivaa upya, kama mtu aliyesahau kofia inavyovaliwa. "Basi mzike na masikio yako," alisema, akaondoka.

Ijumaa mchana Ato seremala alileta jeneza kwa mkokoteni, la mvule, kama Fiifi alivyoagiza. Wakalishusha uani juu ya viti viwili. Kwamena akalizunguka, akaligonga kwa kifundo cha kidole kila upande, kama alivyogonga magurudumu. Mbao ilikuwa njema. Iliimba. Alipomaliza, mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, kwa mazoea, akatoa kijiti, akainama, akakibana na kukigusisha kwenye ubavu wa jeneza. Na kwa kuwa jeneza halina nyuzi, alivumisha puani ule wimbo wa kufungia dansi, polepole, akipanda nao.

Alipofika sauti ileile, nzi akalia.

Kwamena akainuka kama aliyepigwa. "Ato! Mishikio umeifunga vipi? Inalia!"

"Mishikio ipi, Egya?"

"Ya jeneza, mpumbavu we! Au unafunga ya mlango?"

Ato akamtazama, akatazama jeneza, akaingiza mkono kwenye mkoba wa zana. Akatoa furushi la gazeti, akalifungua. Mishikio sita ya shaba, na skrubu zake.

"Hii hapa. Sijafunga hata mmoja. Wewe mwenyewe ulisema nisiifunge mpaka uikague."

"Labda ni Araba anakujibu," akasema Maame Aba, lakini kwa sauti ndogo.

Jeneza lile lilikuwa mbao tupu na gundi. Kwamena akakirudisha kijiti mdomoni, safari hii bila kugusa chochote, ncha yake ikiwa hewani tu, akavumisha tena. Nzi akalia. Ndipo alipoingiza vidole, akayatoa meno yake, akayaweka juu ya mfuniko wa jeneza. Akakibana kijiti pembeni, kwa magego mawili ya zamani, akavumisha wimbo wote tangu mwanzo hadi mwisho.

Palikuwa kimya. Kimya safi kama maji ya mtungi.

Aliyageuza meno kwenye mwanga. Kile kiwaya cha kuyashikilia kwenye gego kilikuwa kimeacha nafasi, nyembamba kuliko unywele. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Hawakusema afanye nini siku atakayoliona.

Aliyafunga meno kwenye leso, akakaa mezani, akaanza kuliunga gita. Kazi ya siku nne aliimaliza kabla jua halijashuka. Alipovuta kamba ya tatu na kupiga chuma cha tano, kulitokea mlio. Hakuhitaji kijiti. Ulikuwa mlio wa kweli, unasikika kwa sikio tupu: kamba ilikuwa inachezacheza ndani ya mfereji alioupanua kwa tupa yake mwenyewe. Daraja jipya lilihitaji kuchongwa, na kuchonga ni kazi ya wiki. Alitia uzi wa viatu uliopakwa nta chini ya kamba, akakaza. Mlio ukanyamaza. Alijua ni kwa muda. Kamba ya chuma hukata uzi. Swali ni baada ya nyimbo ngapi.

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, na Fiifi angedhani ni Hamatani. Alinunua chupa ya gongo iliyofungwa vizuri kwa lakiri nyekundu, akachukua gita, akaenda.

Fiifi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda katika chumba chake karibu na kituo cha zamani, nguo nyeusi za kesho zimetundikwa msumarini.

"Shemeji," Kwamena alisema, na bila meno maneno yalitoka na upepo, "nzi nimempata."

Fiifi hakuinua uso. "Alikuwa wapi?"

Kwamena akafungua leso, akaiweka mezani. "Hapa."

Fiifi aliyatazama yale meno.

"Siku nne," akasema. "Jana nilikaa hapahapa nikigonga vijiko ukutani, kimoja baada ya kingine, nione kama bado nasikia. Nikajiambia kweli, labda Araba ameondoka nayo masikio. Mzee mzima, Kwamena. Na vijiko."

Kwamena akaiweka chupa kando ya leso. "Na kuna jingine. Daraja nimelikwangua. Kamba ya tatu. Nimetia uzi, lakini hautadumu."

"Umelikwangua."

"Kidogo."

"Si ungeniambia baada ya mazishi?"

"Ungesikia," Kwamena alisema. "Masikio yako ni mazima."

Fiifi alichukua gita, akalipapasa mgongoni kama mtu anayempapasa mtoto aliyerudi na majeraha. Kwao chupa ya kuombea radhi ikifunguliwa na kumiminwa, maneno yamekwisha. Fiifi aliichukua chupa, akaisukuma chini ya kitanda, lakiri yake ikiwa nzima.

"Kesho saa nne," alisema tu.

Jumamosi Araba alizikwa bila spika. Watu walilalamika chinichini kuwa ni msiba wa kimaskini, maana siku hizi wafu huzikwa kwa kelele, ili walio hai wasipate nafasi ya kuwafikiria. Fiifi alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na shimo, amplifaya ndogo ya betri miguuni, akapiga. Ubeti wa kwanza ulitoka wote, safi, na akina mama wa kwaya waliomjua Araba walifungua midomo kwa mazoea, kisha wakaifunga. Mwanzoni mwa ubeti wa pili uzi ulikatika. Nzi alilia mara moja. Watu mia mbili hawakusikia chochote. Wawili walisikia, na macho yao yakakutana juu ya mvule.

Baada ya hapo Fiifi hakuipiga tena sauti ile. Kila wimbo ulipoifikia aliinua kidole, akaacha pengo, akaendelea mbele. Wimbo wote ulizunguka sauti ile, kwa hiyo mapengo yalikuwa mengi. Waombolezaji waliona uzuri wake. Mzee mmoja alisema, "Tazama, amemwachia mke wake nafasi ya kupumua." Kwamena alisimama na fimbo yake ya mwenye msiba, nguo nyekundu na nyeusi mabegani, akihesabu kila pengo, na yote aliyajua ni ya nani.

Jumapili, baada ya ibada ya shukrani, watu wakiwa wamevaa meupe, Fiifi alifunga mizigo. Mke akishazikwa, mume hana la kufanya katika mji wa ukoo wa mke. Alikuwa anarudi kwao Saltpond, kwa wapwa zake. Teksi ilisimama mbele ya ua. Kwamena alibeba sanduku mwenyewe.

"Niachie gita," alisema. "Wiki moja. Nitachonga daraja la shaba."

"Hapana."

"Siku tatu."

"Hapana, shemeji. Utalifungua tena." Lakini hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka.

Aliingia kiti cha nyuma, gita mapajani bila mfuko wake, kwa sababu mfuko ulikuwa umejaa nguo za Araba. Miguuni pake palikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu, kati ya madonge ya kenkey aliyopewa na Maame Aba, Kwamena aliiona ile chupa. Lakiri ilikuwa nzima. Lakini hakuwa ameiacha.

Teksi iliondoka. Pale barabara inapokatiza reli za zamani iliruka kidogo, na Kwamena, meno mfukoni, akasikia: bomba la moshi, kishikio cha nyuma, nati ya kushoto. Kilomita thelathini na lingekuwa chini. Akainua mkono juu kuwasimamisha.

Fiifi aligeuka, akamwona kupitia kioo cha nyuma mzee amesimama kati ya reli na mkono umeinuliwa. Akadhani anaagwa. Naye akainua wake, wa kushoto. Wa kulia ulibaki palepale ulipokuwa tangu gari liondoke, kidole gumba kimeibana kamba ya tatu ili isilie njiani.